Dakika Kumi na Saba za Sauti ya Mama

Jumanne, 3 Machi

Mvua imeanza. Asubuhi nilikuwa napiga pasi sketi ya kazini huku nikimsikiliza mama. Ndiyo desturi yangu tangu apatwe na kiharusi, huu ni mwezi wa nane sasa: nachomeka diski ya nje kwenye kompyuta, nachagua rekodi moja kati ya arobaini na moja, namwacha aongee mpaka nimalize kuvaa. Leo waya wa pasi ulinasa kwenye waya wa diski. Nikavuta bila kutazama. Diski ikaanguka sakafuni, mama akanyamaza katikati ya neno.

Nimeichomeka tena. Inalia tik, tik, tik, kama mtu anayegonga kucha mezani akisubiri jibu. Kompyuta inasema haioni kitu.

Nimefika mahakamani nimechelewa, na upande mmoja wa sketi haujanyooshwa.

Jumatano, 4 Machi

Nimejaribu mara sita. Tik, tik, tik.

Ijumaa, 6 Machi

Fundi ana chumba ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Wanamwita Daktari, kwa sababu huvaa miwani mbili kwa pamoja, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na kwa sababu kila mashine huanza kwa kuitegea sikio. Aliiweka diski shavuni, akaigeuza polepole. Akauliza nimeiwasha mara ngapi tangu ianguke. Nikasema labda saba. Alinitazama kama hakimu anavyomtazama shahidi aliyebadilisha maelezo.

Alinieleza kwamba ndani mna sahani nyembamba, na juu yake sindano ya kusomea. Sindano imepinda. Kila nikiiwasha, inakwangua. Anahitaji diski nyingine ya aina ile ile na umri ule ule ili aichomoe sindano yake, na diski za umri huo hazipatikani tena madukani. Ataulizia kwa mafundi wenzake. Nisimhesabie siku.

Akachukua karatasi ya kubandika ili aandike kilichomo. Nikasema ni sauti ya mama yangu. Akanipa pole, akauliza amefariki lini.

"Hajafariki," nikasema. "Yupo. Ila haongei."

Kalamu yake ikasimama hewani kidogo. Kisha akaandika SAUTI, akabandika.

Jumapili, 8 Machi

Nilikwenda kwa kaka yangu, ambaye kwa umri ni mdogo wangu. Mama anaishi kwao tangu augue. Kaka huchomelea mageti, ni mtu wa maneno machache. Mkewe, wifi yangu, ni msusi, na maneno yote ya nyumba ile ameyachukua yeye. Husukia wateja sebuleni, redio imefunguliwa mpaka mwisho, na mama ameketishwa katikati ya vurugu hiyo. Mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Wa kushoto ameshikishwa nyuzi za kusukia. Mwalimu aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma, leo amegeuzwa ndoano ya ukutani.

Nilipunguza redio, nikakaa nusu saa yangu ya kila Jumapili, nikamsimulia mama habari za kazini. Alinitazama tu. Habari ya diski sikuitaja. Nilipofika mlangoni nikasikia redio ikipandishwa tena.

Jumamosi, 14 Machi

Daftari hili nililinunua miaka miwili iliyopita ili ninakili humo rekodi za mama. Sikuandika hata mstari. Nilijiambia kwamba maneno yapo, hayaendi popote, nikipata likizo nitayaandika yote kwa mkupuo.

Leo nimekaa kujaribu kuandika ninachokumbuka. Kuna ile ya mwanafunzi aliyeficha kifaranga kwenye dawati. Kuna ile ya nguo ya harusi iliyoazimwa. Kuna shairi la herufi alilotunga kwa ajili ya darasa la kwanza. Nakumbuka mianzo. Nikifika katikati, njia inapotea.

Kazi yangu ni ukarani wa mahakama. Naandika maneno ya watu neno kwa neno. Shahidi akikohoa, naandika kwamba amekohoa. Naweza kukutajia alichosema mlinzi katika kesi ya ghala mwaka juzi. Lakini kwa mama yangu, Ijumaa kwa Ijumaa, niliweka simu mezani ikarekodi, na kusikiliza nikaiachia simu. Hata hizi asubuhi za pasi nilikuwa nasikia mlio wake tu, kama mtu anavyosikia maji yakichemka.

Jumanne, 17 Machi

Mvua siku nzima. Paa la chumba cha kumbukumbu linavuja, tumehamisha majalada.

Alhamisi, 19 Machi

Nimempigia Daktari. Bado.

Jumapili, 22 Machi

Sikwenda kwa kaka. Nilisingizia barabara.

Ukweli ni kwamba naogopa kumtazama mama usoni. Kuna rekodi moja, ya ishirini na tisa, inayonikosesha raha kuliko zote. Humo alisimulia siku aliyotaka kumwacha baba. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni, kaka hajazaliwa. Alifunga nguo kwenye mfuko, akaenda stendi ya mabasi, akakaa pale kutwa nzima, kisha akarudi nyumbani. Baba amekufa bila kujua. Hayo nayakumbuka. Kilichomrudisha ndicho nisichokikumbuka. Alikisema, nina hakika alikisema. Nilikuwepo pale, umbali wa mkono mmoja kutoka kwake.

Miaka sita iliyopita mimi nilimwacha mume wangu. Nilifika kwa mama na sanduku moja, jioni, nimelowa. Alifungua mlango, akaniachia kitanda chake, akalala chini. Hakuuliza, hakulaumu, hakusifu. Mpaka leo sijui aliniona mjinga au aliniona mtu. Nilidhani nikijua kwa nini yeye alirudi, nitajua alinionaje mimi niliyekwenda.

Alhamisi, 26 Machi

Daktari hana jipya. Safari hii amepiga yeye, kuniambia kwamba hana jipya. Nilimshukuru.

Jumapili, 29 Machi

Leo nimewaambia. Nimekosana na wifi. Niandike kama nilivyozoea kuandika kazini, bila kujipendelea.

Tulikuwa sebuleni sisi watatu, na mama kwenye kiti chake. Nikasema diski imeanguka na rekodi zote zimo humo. Kaka akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba aliwahi kuniambia niziweke na mahali pengine. Ni kweli aliniambia. Hilo nililimeza. Kisha wifi, bila kuacha kuchana nywele za bandia zilizokuwa mkononi, akauliza kwani mama mwenyewe si huyu hapa.

Nikamwambia yeye hajui kitu. Nikamwambia alimkuta mama ameshazeeka, kwamba hajawahi kumsikia akisimama mbele ya watoto sitini wakanyamaza wote, na kwamba mtu anayemfanya mama ndoano ya nyuzi hana haki ya kunifundisha thamani ya mama yangu.

Wifi akaweka kitana chini. Alikuwa hajakasirika, hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Wifi," akasema, "wewe unakuja hapa kumtazama mama kama mtu anayetazama nyumba yake iliyoungua. Unasimama, unasikitika, unaondoka. Mimi naishi naye humu ndani."

Kaka akasema basi, yaishe. Nikachukua mwavuli nikatoka. Mama alikuwa amefumba macho. Sijui kama alikuwa amelala.

Jumanne, 31 Machi

Mvua. Kazi. Sina la kuandika.

Jumanne, 7 Aprili

Leo kizimbani shahidi mmoja ameulizwa kama anamfahamu mshtakiwa, akajibu, "Namfahamu sana, ila hatujawahi kuongea." Watu wakacheka. Mimi niliandika, kisha nikapoteza mistari miwili iliyofuata. Hakimu akanisubiri.

Jumapili, 12 Aprili

Sikwenda tena. Kutwa nzima nimekaa dirishani. Mama alikuwa akiniita Chiriku, kwa sababu nilipokuwa mdogo sikuwa nafunga mdomo. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Asubuhi zile za pasi, rekodi ikifika mahali pa jina hilo, nilikuwa naitika bila kujua, peke yangu chumbani: "Bee, mama."

Leo nimelitamka mwenyewe kwa sauti. Halikuwa jina.

Jumatano, 22 Aprili

Kaka amepiga simu. Dada yake wifi anafanyiwa upasuaji, wifi ameondoka asubuhi kwenda kumuuguza, atakaa siku nne. Kaka ana mageti ya watu na jirani hawezi kushinda na mama kutwa. Nimeomba ruhusa kazini. Nahamia huko leo.

Alhamisi, 23 Aprili

Nilijisifu mapema. Nilifika, nikazima redio, nikafagia, nikamwogesha mama, nikampaka mafuta. Nyumba ikatulia. Nikasema moyoni, sasa mama anapumzika.

Saa nne asubuhi akaanza kushika kikombe chake cha plastiki. Nikaleta maji, akageuza uso. Nikaleta uji, hakutaka. Nikaleta blanketi, nikafungua dirisha, nikafunga dirisha, nikamuuliza kama anataka kujisaidia. Kila mara anarudi kwenye kikombe kile kile, na uso wake unazidi kukaza. Mwisho akakitupa. Kikagonga ukuta, akalia. Sijawahi kumwona mama akilia kwa hasira. Hata baba alipomzidi kwa ukali hakulia. Nami nikakaa sakafuni nikalia pia, watu wazima wawili, kila mmoja na kona yake.

Nikalazimika kumpigia wifi. Alipokea kwa kunong'ona, yuko wodini. Hakunikumbusha lolote la ile Jumapili. Akauliza tu, "Anakigonga kikombe au anakizungusha?"

Nikasema anakizungusha.

"Basi hataki kunywa. Anataka redio. Anakuonyesha kile kitufe chake cha kuzungusha."

Nikawasha. Kulikuwa na watu wawili wanabishana kuhusu bei ya mbolea. Mama akaegemea kiti, akashusha pumzi, mabega yakalegea.

Miezi minane nimekuwa nikiingia nyumba hii na kumpunguzia mama redio yake.

Ijumaa, 24 Aprili

Wifi amepiga mara tatu leo, kati ya kumlisha dada yake na kumgeuza. Kiganja kikitazama juu, maana yake ndiyo. Akigonga mara mbili, hapana. Akivuta ncha ya blanketi, si baridi, anataka mtu akae karibu. Na nyuzi za kusukia hakushikishwa na mtu. Alizichukua mwenyewe kutoka kwenye kapu wiki ya pili baada ya kutoka hospitali, na anazipanga kwa rangi, na mteja akichagua rangi isiyomfaa, mama humnyima. Wifi alicheka alipokuwa akinieleza. Wateja wengine, alisema, huja kwa sababu ya hilo, wanataka kuchaguliwa rangi na mwalimu wao.

Nimeandika yote. Wifi ameisikiliza lugha yote hii bila kurekodi kitu.

Jumapili, 26 Aprili

Wifi amerudi, amechoka, miguu imevimba. Nilimpokea mfuko mlangoni, nikamwambia nimemkosea. Akaniambia nibandike maji ya kuoga motoni kwanza, mengine yatafuata. Baadaye, akiwa ameweka miguu kwenye beseni, akasema yeye pia alinisema vibaya. Nikamwambia hapana, alinisema sawasawa. Mama alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine kama anayesahihisha madaftari.

Jumapili, 3 Mei

Nimekaa tangu asubuhi hadi magharibi. Nilinyoosha nyuzi.

Jumapili, 10 Mei

Vivyo hivyo. Mvua inaanza kukatika, inanyesha kama mtu anayekumbuka jambo kisha anasahau.

Mteja mmoja alichagua rangi ya kahawia, mama akagonga mara mbili. Tulicheka mpaka kaka akaja kuchungulia. Lakini nilipokuwa natembea kurudi kwangu nilipita mbele ya shule yake ya zamani, watoto wanaimba herufi, nikasimama ukutani. Kujua anachotaka si sawa na kumsikia. Sitaki kujidanganya. Namtaka anayeongea pia.

Ijumaa, 15 Mei

Daktari amepata sindano. Alinipigia nikiwa kazini. Nilipanda ngazi zake saa kumi jioni nikihema.

Amefungua anachoweza. Sahani imekwanguliwa sana, na mikwaruzo mingine ni ya zile mara saba zangu. Kati ya rekodi arobaini na moja zimetoka nne. Tatu ni vipande vya dakika moja au mbili, mama anacheka, mama anauliza kama mashine inawaka. Ya nne ni ile ya ishirini na tisa. Ilikuwa dakika arobaini na tatu. Zimetoka kumi na saba.

Alinipa visikizio, akaenda kusimama dirishani na kunipa mgongo. Nanakili hapa nilivyosikia.

Mama: "Nikakufunga mgongoni, nikachukua mfuko mmoja. Nilifika stendi bado mapema. Nikakaa kwenye benchi la mbao, karibu na bomba la maji. Basi la kwanza likaja, likaondoka. Nikajiambia, nitapanda la pili."

Mimi: "Mama, sogea karibu na simu."

Mama: "Nimesogea. Basi, nilikuwa nakutazama wewe—"

Mimi: "Lilikuwa basi la kwenda wapi? Kwa bibi?"

Mama: "Chiriku, nyamaza nikwambie."

Mimi nikacheka. Kisha nikasema kuna mtu ananipigia, asisahau alipofikia. Kwa dakika nne nzima nasikika nikiongea na mtu wa kazini kuhusu zamu. Nyuma yangu mama yupo, anapumua, anasubiri. Anarudia mara moja, taratibu, kwa ajili yake mwenyewe: "Benchi. Nilikuwa kwenye benchi." Nilikuwa sijawahi kusikia hilo. Kisha narudi. Anasema, "Sasa, kilichonirudisha nyumbani siku ile—"

Halafu mkwaruzo, halafu kimya.

Nilitoa visikizio. Daktari akaniuliza kama nilichokuwa nakitafuta kimo. Nikamwambia kimekatika mlangoni. Akasema amejitahidi. Nikamwambia najua, na ni kweli najua. Mtu huyu amekaa na sauti ya mama yangu miezi miwili na zaidi kama mgonjwa wake.

Jumapili, 17 Mei

Sikuwaambia. Nilitaka kwanza kuzizoea peke yangu zile dakika nne.

Jumapili, 24 Mei

Leo hakukuwa na mvua hata tone. Wifi hakupokea wateja. Nilimweleza nilichopata, nikamuuliza kama ni vibaya kumsikilizisha mama sauti aliyoipoteza. Wifi akasema swali hilo tusilijibu sisi. Akachuchumaa mbele ya kiti.

"Mama, tumepata sauti yako ya zamani. Unataka kuisikia?"

Kaka akazima redio. Mwisho kiganja kikageuka, kikatazama juu.

Nikaiweka kompyuta kwenye kigoda, nikafungua. Sauti ilipotoka, mama aligeuza kichwa kama mtu aliyeitwa na rafiki wa zamani kutoka ng'ambo ya barabara. Hakulia. Aliinamisha sikio. Ilipofika zile dakika nne za simu yangu, nilitaka kuzirusha mbele. Mama akagonga mara mbili. Tukazisikiliza zote, mimi nikiwa nimetazama sakafu. Kisha: "Sasa, kilichonirudisha nyumbani siku ile—" na mkwaruzo.

Mdomo ulinijaa maswali. Niliyazuia kwa meno.

Mama akatazama kompyuta. Akatutazama sisi. Akanyanyua mkono wa kushoto, akaushusha juu ya blanketi, na sote tukaelewa kwamba hadithi haijaisha.

Wifi akaanza kumuuliza polepole. Je, alimkumbuka baba? Akagonga mara mbili. Mtoto alilia? Mara mbili. Aliona mtu anayemfahamu? Mara mbili, kwa nguvu, kama mwalimu aliyechoshwa na darasa. Kaka akasema labda mabasi yalijaa. Mara mbili.

Kisha mama akalaza kichwa begani, akafumba macho, akaachia mdomo, akakoroma.

"Ulilala?" wifi akauliza.

Kiganja juu.

"Ulilala kwenye benchi mpaka mabasi yakaisha?"

Kiganja juu. Na upande ule wa mdomo unaoweza kucheka ukacheka. Kaka akashika kichwa, akacheka mpaka machozi. Mimi sikuweza. Muda wote huu nimetafuta sababu kubwa, mapenzi au woga au sisi watoto, kumbe mwanamke alikuwa amechoka. Alikuwa na mtoto mgongoni, labda hakulala usiku uliotangulia, akakaa kwenye benchi, usingizi ukampitia. Alipoamka stendi ilikuwa tupu.

Nilidhani amemaliza. Lakini akavuta ncha ya blanketi, kwa hiyo nikasogea mpaka magoti yetu yakagusana. Akasimamisha vidole viwili juu ya paja lake, vikaanza kutembea. Vilitembea taratibu hadi ukingo wa goti, vikasimama hapo, vikatazama chini. Vikakaa. Kisha akavinyanyua, akavivusha ule ufa, akaviweka kwenye goti langu, na vikaendelea kutembea, haraka sasa, vikapanda paja langu hadi mwisho. Hapo akaugeuza mkono, kiganja juu, akauacha.

Wifi, ambaye hututafsiria kila kitu, hakutafsiri.

Jumapili, 31 Mei

Anga nyeupe. Nguo zimekauka kabla ya saa sita.

Nina homa kidogo, kwa hiyo nimekaa kwangu nisimwambukize. Sauti yake bado naitamani. Nilidhani baada ya Jumapili ile kiu itakwisha. Haijakwisha, ila sasa najua inatamani nani.

Mchana nilimpigia wifi, nikamwomba amwekee mama simu sikioni. Akauliza amwambie nini. Nikamwambia hakuna. Nikasikia simu ikisogezwa, ikasugua kwenye kitambaa cha kichwa, kisha pumzi zake, na kwa mbali redio. Hatukusema kitu, yeye wala mimi. Nilikaa hapo hapo, nimeegemea ukuta, nikimsikiliza mama mpaka alipochoka yeye.